Tulitoka Didia kuuona Kilimanjaro, tukarudi kulitazama jabali letu

Nyuma ya nyumba yetu hapa Didia kuna jabali ambalo watoto huliita mlima. Hulipanda jioni kutazama ng'ombe wakirudi. Binti yangu wa darasa la tano alikuwa amekariri kwamba Mlima Kilimanjaro una mita 5,895 na ndio mrefu kuliko yote Afrika. Siku moja akaniuliza: "Baba, hizo ni majabali yetu mangapi?" Tulikadiria jabali letu mita 20, tukapata karibu majabali 300. Akacheka, hakuamini.

Likizo ya Juni, baada ya kuuza mpunga, tukapanda basi. Tulipita Tinde, Nzega, Singida na Babati, tukafika Moshi usiku bila kuuona mlima. Hapo binti alishangaa nilipomwambia kwamba Moshi mjini iko chini kuliko kwetu. Shinyanga ni uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo tulikuwa tumeteremka ili kuufikia mlima.

Asubuhi, kwa shangazi yake Marangu, aliutafuta chini ya mawingu. Shangazi akamwambia: "Inua macho zaidi, mwanangu." Kibo ilikuwa juu ya mawingu, nyeupe kileleni.

Wazazi wengi tunaogopa gharama za kupanda hadi kileleni. Si lazima. Sisi tulilipa kiingilio cha hifadhi, tukaenda na mwongozaji hadi Mandara, mita 2,720 hivi, tukarudi siku hiyo hiyo. Tuliacha migomba na kahawa, tukaingia msitu wenye unyevu na mbega. Juu ya Mandara msitu unaisha, vinafuata vichaka na nyasi, kisha jangwa la mawe, na mwisho barafu. Baridi inaongezeka kwa kama nyuzi 6 kila mita 1,000.

"Mbona juu ni karibu na jua lakini kuna baridi?" Mwongozaji alimjibu vizuri: jua hupasha ardhi kwanza, ardhi ndiyo hupasha hewa, na hewa ya juu ni nyepesi, haishiki joto. Akamweleza pia kwamba mlima huu ni volkano tatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Mbili za kwanza zimezimika. Kibo imelala tu, na ndani ya kreta yake bado hutoka gesi yenye harufu ya kiberiti.

Kisha akaonyesha kule kwenye weupe. Tangu mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imetoweka, kwa sababu hali ya hewa imebadilika na theluji mpya haitoshi kufidia inayopotea.

Binti alinyamaza. Tukiwa njiani kuteremka akauliza: "Baba, nikiwa mkubwa nitaikuta?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Nilimwambia mlima ataukuta, lakini barafu huenda asiikute, na ndiyo maana nilitaka aione sasa.

Tuliporudi Didia nilimwonyesha jambo ambalo nami nililijua ukubwani. Volkano za Kilimanjaro zilianza kulipuka kama miaka milioni 2 na nusu iliyopita. Majabali ya Shinyanga ni matale, mwamba uliopoa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Mwamba wote uliokuwa juu yake ulikwisha kuliwa na mvua na upepo, hadi haya mawe yakatokeza.

Jioni hiyo nilimsikia juu ya jabali akimfundisha mdogo wake.

"Usilidharau," alimwambia. "Hili ni babu yake Kilimanjaro."