Chombo cha Mtu Mmoja

Mtu anunuaye chombo cha bahari hutazama kwanza vitu vinavyopendeza macho: wembamba wa gubeti, weupe wa tanga na urefu wa mlingoti. Muuzaji naye humsaidia kutazama hivyo hivyo. Ni wachache waulizao chombo kitakuwaje siku mlingoti utakapokuwa umelala majini, na mwenye chombo anaogelea ubavuni mwake. Swali hilo halina raha dukani, lakini baharini ndilo swali la kwanza. Aendaye na wenzake aweza kuliahirisha. Aendaye peke yake hana wa kumwachia jibu.

Mzee mmoja wa Dar es Salaam, mhandisi aliyestaafu, alikutana na swali hilo akiwa na umri wa miaka 61. Kwa miaka mingi alikuwa akienda tanga katika ghuba ya Msasani pamoja na mwanawe wa pekee. Chombo chao kilikuwa katamarani ya mchezo, ya watu wawili: miili miwili myembamba ya faibaglasi, imeunganishwa kwa mihimili ya alumini, na katikati yake kitambaa kigumu kilichowambwa kama ngozi ya ngoma. Juu ya kitambaa hicho ndipo walipokaa. Baba alishika usukani na demani ya tanga kubwa. Mwana alishika tanga dogo la mbele, na upepo ulipozidi alijifunga mkanda, akaning'inia nje kwa waya, mgongo wake ukikaribia povu. Kisha mwana akapata kazi Ulaya, akaenda zake. Baba akabaki na chombo kile kile, na nusu ya mabaharia wake.

Jina la katamarani limetoka katika Kitamil, na maana yake ni miti iliyofungwa pamoja. Jina ni geni, lakini wazo lenyewe si geni kwa watu wa pwani, kwa maana ngalawa na mirengu yake miwili imekuwa mbele ya macho yao tangu zama. Chombo chembamba hukata maji vizuri lakini hupinduka upesi. Basi hupewa kitu cha kukitegemeza ubavuni, kikapata utulivu kwa upana badala ya kuupata kwa uzito wa farumi. Faida yake ni wepesi, na wepesi una gharama yake. Chombo chenye farumi kikilazwa na upepo hutaka kurudi. Katamarani ina nguvu kubwa kabisa ya kusimama wakati mwili mmoja unapoanza kuondoka majini. Tangu hapo nguvu hiyo hupungua, na ikiisha kupinduka hutulia juu chini kama ilivyotulia mwanzo. Haizami, walakini hairudi yenyewe.

Mzee aliyajua hayo yote kwa hesabu. Alijua pia kwamba upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake juu ya tanga huzidi mara nne. Hata hivyo, siku moja ya mwezi wa Julai, kusi ikivuma kwa nguvu, alikisukuma chombo majini peke yake, kwa sababu alikuwa amekaa wiki tatu bila ya kwenda bahari na nyumba ilimwelemea. Tanga la mbele aliliacha pwani, akafikiri kwamba hiyo ni hadhari ya kutosha. Alipokuwa kati ya Msasani na kisiwa cha Bongoyo, dhoruba ndogo ilimjia. Gubeti la upande wa demani likachomeka katika wimbi, shetri ikainuka, na chombo kikaanguka ubavu.

Hakuogopa. Alipanda juu ya mwili uliokuwa ukielea, akaishika kamba ya kuinulia iliyopita juu ya mwili wa pili, akajilaza nyuma kwa uzito wake wote. Mlingoti ulinyanyuka shibiri mbili, ukarudi majini. Akapumzika, akajaribu tena. Alikigeuza chombo ili gubeti lielekee upepo, upepo upate kuingia chini ya tanga na kumsaidia. Mlingoti ulinyanyuka dhiraa moja, ukarudi. Uzito wake ulikuwa kilo 64, na chombo kile kilihitaji uzito wa watu wawili. Hapakuwa na kosa la fundi wala la chombo. Kosa lilikuwa la mtu mmoja aliyejihesabu kuwa wawili.

Alijaribu mpaka viganja vikachubuka, na maji yalikuwa yakimchukua polepole. Ngalawa ya wavuvi wawili vijana ndiyo iliyomwona. Walipofika, yule aliyekaa mbele alisema, "Shikamoo mzee. Mwenzio yuko wapi?"

Mzee alijibu kwamba yu peke yake. Kijana akakitazama kile chombo kipana, akautazama mkanda wa pili uliokuwa ukielea umefungwa kwenye waya wake, akatazamana na mwenziwe. Hakusema neno. Alijitupa majini, akapiga mbizi chini ya kitambaa, akapapasa. Alikaa chini muda mrefu. Alipoibuka alisema, "Kweli, hayupo."

Kisha wote watatu, vijana wawili na mzee, wakaishika kamba, na chombo kikainuka mara moja kana kwamba hakikuwa na uzito.

Nyumbani mzee alisema kwamba alichelewa kwa sababu ya upepo. Mkewe aliitazama mikono yake, akaleta maji ya uvuguvugu na chumvi, wala hakuuliza. Baada ya siku nne alisema, "Bahari sikukatazi, mume wangu. Nataka kujua tu utarudije."

Chombo cha zamani kikauzwa kwa vijana wawili waliokistahili, na mzee akaanza kutafuta kipya. Mambo matatu yalikuwa mbele yake, na kila moja lilikuwa na mvuto wake.

La kwanza lilikuwa kurudia kile alichokizoea, yaani Hobie 16. Hobart Alter wa California, aliyekuwa mtengenezaji wa mbao za kuteleza juu ya mawimbi, alitoa Hobie 14 mwaka 1968 kwa ajili ya mtu mmoja, na Hobie 16 ikafuata muda mfupi baadaye. Miili yake imepindwa kwa namna ambayo haihitaji mbao za kuteremshwa majini, na kwa hiyo hupanda mchangani bila ya kuvunjika kitu. Sifa hiyo ni kubwa katika pwani ambayo maji yake hutoka mbali. Lakini ina urefu wa mita 5.05 na uzito wa kilo 145. Rafiki mmoja alimwambia achukue mfuko wa kujaza maji: lita 40 zikiinuliwa juu ya uso wa bahari huwa kilo 40 za msaada. Hesabu ilikuwa sahihi. Mzee alikumbuka, hata hivyo, hali yake alipovuta kamba mara ya sita, akajiuliza ni nani angemwinulia huo mfuko.

La pili lilimnyima usingizi. Liko daraja la katamarani liitwalo A, la mtu mmoja tangu asili yake: urefu usiozidi mita 5.49, upana mita 2.30, tanga la mita za mraba 13.94, na uzito ulioruhusiwa kushuka mpaka kilo 75. Chombo chenye uzito wa mtu mzima mmoja, nacho huruka kama ndege! Katika michezo ya Olimpiki katamarani zilizochaguliwa, Tornado kutoka mwaka 1976 mpaka 2008, na Nacra 17 tangu mwaka 2016, zote zilikuwa za watu wawili. Mzee aliona kwamba daraja A ndilo lililomheshimu mtu wa peke yake. Lakini wepesi ule hutokana na kaboni iliyofanywa nyembamba, na kaboni haipatani na mwamba wa matumbawe. Mbao zake huteremka chini sana, na maji ya Msasani yakitoka huacha miamba wazi. Mlingoti wake ni mrefu, na akipatwa na ufa, fundi wake hayuko karibu. Mzee aliona kwamba angekuwa mtumishi wa chombo chake, akikilinda na kila jiwe, badala ya kuwa nahodha wake.

La tatu alilidharau. Lilikuwa Hobie Wave, ya futi 13, miili yake ya plastiki nene, tanga moja tu, isiyo na mti wa chini ya tanga wa kumgonga mtu kichwani. Vyombo vya namna hii hupendwa na mahoteli ya pwani, kwa sababu huvumilia wageni wasiojua kitu. Mtu aliyekwenda tanga miaka mingi hapendi kuonekana katika chombo cha wasiojua kitu.

Lakini swali la mkewe lilikuwa halijajibiwa. Basi siku moja ya maji makuu aliomba kuazima chombo kimoja cha namna hiyo, akakipeleka mahali penye kina cha kutosha mlingoti, akakipindua kwa makusudi. Mkewe alikaa pwani na saa mkononi. Mara ya kwanza kiliinuka upesi. Mara ya pili aligundua kwamba kuinua chombo si mwisho wa kazi, kwa kuwa kupanda tena juu yake, na nguo zimelowa, ni kazi nyingine; akafunga kitanzi cha kamba kwenye mhimili, kikawa ngazi ya mguu mmoja. Kabla ya mara ya tatu aliogelea kukizunguka chombo mpaka akachoka kabisa, kwa sababu bahari haimpindui mtu akiwa amepumzika. Alivuta. Mlingoti ukasita, upepo ukaingia chini ya tanga, chombo kikasimama. Alipanda, akalala kifudifudi juu ya kitambaa. Pwani mkewe aliinua mkono mmoja, kisha akauteremsha.

Chombo hicho ndicho alichonunua. Siku za Jumamosi vijana wenye vyombo virefu humpita, na baadhi yao ni wale wale walionunua kile cha kwanza. Hufika Mbudya akiwa bado njiani. Kupitwa humuuma, wala yeye hakatai kwamba humuuma. Watu husema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawakusema neno juu ya nahodha asiye na baharia, na yamkini ni kwa sababu wenye kutunga methali hawakumwona mara nyingi akirudi kuhadithia. Nahodha wa namna hiyo hana budi kuujua uzito wake, uwe wa mwili au wa umri, na kuchagua kwa kipimo hicho. Kasi hupimwa siku njema. Chombo hupimwa siku mbaya.

Mwanawe alipopiga simu na kusikia habari ya ununuzi, aliuliza kama vijana wote waulizavyo, "Inakwenda kasi gani, baba?"

"Inainuka," mzee alijibu.

Kimya kikapita kidogo. Kisha mwana akauliza hali ya mama, akaambiwa kwamba yu mzima, na kwamba siku hizi chombo kikiwa baharini yeye hukaa nyumbani akipika.