Mzee wa Jeevanjee

Nilipoanza kazi ya uchapaji karibu na Biashara Street, Nairobi, mwishoni mwa miaka ya themanini, mtu akikwambia "tukutane Jeevanjee" hukuuliza huyo Jeevanjee ni nani. Palikuwa mahali tu, kama Kariokor. Saa saba mchana, sisi ambao mshahara ulikuwa umeisha tarehe kumi tulinunua njugu za kufunga kwenye karatasi, tukajilaza kwenye nyasi za bustani ile, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu. Kila mti ulikuwa na mhubiri wake, na wa mti wa pili akipaza sauti, wa kwanza naye alizidisha. Tulishiba Neno, tumbo likingoja jioni.

Sanamu tuliyoizoea ilikuwa ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa mwaka 1906 na mwanawe, Duke of Connaught. Wapiga picha waliwasimamisha wateja mbele yake, hasa wageni kutoka mashambani. Aliyelipia bustani nzima hakuna aliyemtaja.

Kilichomfufua ni tishio. Mwaka 1991 zikaja habari kwamba bustani itajengwa ghorofa na maegesho ya magari. Watu wa Nairobi walikuwa wameshapata somo: miaka miwili nyuma Wangari Maathai alikuwa amesimama kidete dhidi ya mnara wa ghorofa sitini pale Uhuru Park. Safari hii akajitokeza Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee. Akasema babu yake aliitoa ardhi ile iwe ya wakazi wa mji, na haiuziki. Ghafla vijana wa kiwandani kwetu wakawa wanabishana juu ya Mhindi aliyekufa mwaka 1936.

Ndipo tukamjua. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akatajirika kwa kuwaleta vibarua wa reli ya Uganda na kuwalisha. Mwanzoni mwa karne ya ishirini alianzisha Mombasa gazeti la African Standard, ambalo leo ndilo The Standard. Sisi wachapaji hilo lilitugusa kuliko bustani. Alikuwa Mhindi wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na humo na nje yake alipiga kelele kwa nini Wahindi wazuiwe kumiliki ardhi ya Nyanda za Juu. Mtu huyohuyo ndiye aliyemsimamisha Malkia katikati ya bustani yake. Mimi naona alikuwa mfanyabiashara: alijua mlango gani ubishwe na mkono gani.

Ghorofa halikujengwa. Baadaye Jeevanjee naye akapata sanamu yake pale ndani, na chini ya miti, kando ya wahubiri, likakaa Bunge la Mwananchi: watu wasio na kura bungeni wakiijadili bei ya unga hadi kanjo, yaani askari wa jiji, au polisi wawatawanye. Victoria aliangushwa mwaka 2015, kichwa kikavunjika.

Ombi langu kwa Kaunti ya Nairobi ni dogo. Jina la Zarina Patel lichongwe kando ya la babu yake, kwa Kiswahili, pamoja na mwaka 1991. Wanyakuzi wa ardhi nao hupita pale, na kusoma wanajua.