Usingoje Dogo Aanguke Ndo Umuulize

Mwezi uliopita mtoto wa khalati yangu alikataa viazi karai.

Najua, hiyo si habari. Lakini wewe humjui huyu. Ana miaka 15, na ukipita na sahani ya viazi hapa Buxton lazima akuombe. Siku hiyo nampa mwenyewe, ananiambia, "Sina hamu, kaka." Kisha akaingia ndani kulala, saa kumi za jioni.

Nilibaki pale kibarazani nimeganda. Manake hiyo sauti naijua, ilikuwa yangu.

Wengi wenu mwajua niliacha chuo mwaka wa pili. Kwenye video huwa naifanya kichekesho. Ukweli ni kwamba muhula ule nilikuwa siamki. Nalala masaa kumi na mbili, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mitihani ikanipita hivo hivo. Nyumbani wakasema ni uvivu, baadaye wakasema ni upepo. Nikasomewa, nikanywa kombe. Dua sikatai, mpaka leo naomba. Lakini hakuna aliyeniuliza, "Moyoni waonaje?" Watu waligutuka nikiwa nishafika pabaya.

Vitabuni inaitwa sonona. Mtaani twasema dipresheni, na twaitumia hata Arsenal ikifungwa. Huzuni ya kawaida huja ikaenda. Hii hukaa, wiki mbili na zaidi. Vitu ulivyokuwa unapenda huvitaki tena, usingizi waharibika, hasira za bure, masomo yashuka.

Na kuna vijana walio karibu nayo kuliko wengine: aliyefiwa, ambaye mzazi wake anaugua, ambaye dalili ndogo ndogo zishaanza. Dogo wetu ana zote tatu. Babake alifariki mwaka juzi. Khalati, tangu atoke eda, hajawa yule yule. Juu ya hayo, marafiki zake wa utotoni walihamia Kisauni na Likoni nyumba za zamani za hapa zilipobomolewa.

Basi nikaanza kusoma. Nikakuta utafiti wa hapa hapa Kenya, wa Shamiri, shirika alilolianzisha Mkenya mwenzetu Tom Osborn na wenzake. Ulichapishwa 2021. Walichukua wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi. Kundi moja likafundishwa mbinu za kusoma, jingine likapata vikao vinne vya saa moja moja: kwamba mtu anaweza kubadilika, kushukuru, na kujua yapi unayathamini maishani. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini la pili lilipata zaidi. Na walioongoza vikao si madaktari. Ni vijana waliomaliza sekondari si zamani, wakapewa mafunzo mafupi.

Hapo nilisoma mara tatu. Mimi sina digrii, na siku zote nimejiambia mambo haya ni ya wenye digrii.

Utafiti mwingine ni wa Marekani, wa 2009, vijana 316 ambao wazazi wao waliwahi kuugua sonona. Waliofundishwa kuzihoji fikra zao mbaya na kutatua matatizo, mara nane kisha mara moja kwa mwezi kwa miezi sita, walioangukia sonona ni kama 21 kwa kila 100. Wasiopata mafunzo hayo ni kama 33. Kwa hivyo inazuilika. Si kwa wote, lakini inazuilika. Ila kulikuwa na jambo moja: kama mzazi alikuwa anaugua wakati ule ule, mafunzo hayakumpa mtoto nafuu zaidi ya wenzake.

Nikamwambia mamangu, "Kwa khalati usipeleke pilau tu ukaondoka. Kaa naye."

Mimi nikamchukua dogo mpaka Mama Ngina. Tukanunua mihogo, simu nikaiweka mfukoni, tukaangalia meli zikiingia. Nikamuuliza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nikiamka naona siku ni ndefu sana." Ulimi ulikuwa ushaanza kumwambia ajikaze, yeye ni mwanamume. Nikaumeza. Nikamuuliza swali nililokuwa naliogopa: umewahi kufikiria kujiua? Watu husema ukiuliza utamtia wazo. Si kweli. Kuuliza kwampa nafasi ya kusema.

Akasema, "Bado."

Hiyo "bado" sikulala nayo. Nilikuwa nimemwahidi sitamtangaza, lakini hilo nilimwambia pale pale siwezi kulificha. Asubuhi tulikwenda hospitali yeye, mimi na mama. Sasa anaonana na mshauri kila wiki, na khalati naye amekubali kwenda. Kuongoza vikao na kumbeba mtu aliyefika hapo ni mambo mawili tofauti. Kazi yangu ilikuwa kuuliza mapema na kumsindikiza.

Na kama waogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba. Huyo ni mgonjwa, apelekwe hospitali.

Dogo hajarudi sawa. Juzi alichukua kiazi kimoja, akalalamika ukwaju ni maji matupu. Nilifurahi kama nimeshinda bahati nasibu.

Sasa wewe. Una dogo aliyenyamaza siku hizi, aliyeacha kuja uwanjani, anayecheka baada ya wenzake kumaliza? Usimtumie emoji. Mfuate, kaa naye, muulize, kisha nyamaza usikize. Akikwambia jambo zito, usilibebe peke yako: mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga 116 ya watoto au 1199 ya Msalaba Mwekundu, zote ni bure.

Na kama dogo mwenyewe ni wewe, nambari ni hizo hizo. Mimi hakuna aliyeniuliza, kwa hivyo wacha nikuulize: moyoni waonaje?