Sifuri moja iliunguza lengalenga yetu

Wiki hii tunaleta habari isiyo ya kujisifu. Sisi walimu wawili wa kundi, wenye diploma za ISP, tuliharibu mboga za Muso kwa kosa la hesabu. Tunaliandika ili lisimpate mwingine.

Mnakumbuka kiangazi kilichopita: feza za Muso zilinunua mbegu za lengalenga na mfuko mmoja wa urea wa kilo 50, kwa shamba letu la bondeni kule Kabare. Mboga zingeuzwa soko la Kadutu, na faida isaidie minervali ya watoto wa sekondari mwezi wa 9. Vitalu vilikuwa 20, kila kimoja urefu meta 10 na upana meta 1,20. Agronomu alituandikia kwenye karatasi: urea kilo 100 kwa hekitari. Kazi ya kutafuta kiasi cha kila kitalu tulipewa sisi, kwa sababu tunafundisha hesabu.

Tuliifanya usiku, tumechoka kusahihisha mitihani. Tukaandika kwamba hekitari ni meta za mraba 1.000, kumbe ni 10.000. Sifuri moja tu. Ikatoka gramu 100 kwa kila meta ya mraba, na kila kitalu tukakipa kilo 1 na gramu 200.

Asubuhi tukiwa tunamwaga, mama mzee mmoja ambaye hakuingia shule aliangalia mfuko, akasema: «Walimu, mbona mfuko umefika nusu, na shamba lenyewe ni hili dogo?» Tulimjibu kwa heshima kwamba tunafuata karatasi. Lakini hatukumsikiliza.

Baada ya siku chache majani yaliungua pembeni, kisha yakakauka yote. Mbolea ya dukani ni kama chumvi: ikizidi udongoni, mizizi inashindwa kunywa maji hata kama umemwagilia.

Kwenye mkutano tuliomba msamaha. Mbegu mpya tulizinunua kwa mshahara wetu, na tukamwagilia vitalu maji mengi kabla ya kupanda tena. Mboga za pili zilikubali, lakini masomo yalikuwa yamekwisha kuanza, na wamama wengine walilazimika kukopa. Hilo linatuuma mpaka leo.

Sasa tunafanya hivi. Kwanza, tunapima urefu na upana wa kitalu, tunazidisha: 10 mara 1,20 ni meta za mraba 12. Pili, kilo 100 ni gramu 100.000, tukizigawa kwa meta 10.000 tunapata gramu 10 kwa meta moja. Tatu, 10 mara 12 ni gramu 120 kwa kitalu. Tulizipima kwenye mizani ya muuza duka, tukazimimina ndani ya mkebe, tukachora alama kwa msumari pale zilipofika. Sasa hata asiyejua kusoma anapima sawasawa.

Angalieni pia namba za kwenye mfuko. Urea ina azoti 46 kwa mia. NPK 17-17-17 ina azoti 17 tu. Kwa hiyo mkebe wa urea usitumike kupima NPK. Kila mbolea ina hesabu yake na alama yake. Mwenye gazoni mbele ya nyumba naye afanye hivyo hivyo: apime uwanja kwanza, kisha mbolea.

La mwisho tulifundishwa na yule mama mzee. Kabla ya kumwaga, jumlisheni shamba lote, kisha muulize mfuko. Vitalu 20 vilihitaji kilo 2 na gramu 400. Kwenye mfuko wa kilo 50, kiasi hicho hakionekani hata kupungua. Sisi tulimwaga kilo 24. Yeye aliliona kosa kwa macho, sisi tulikuwa na karatasi mkononi.

Siku hizi hesabu ikikwisha tunamwita yeye kwanza, aangalie mfuko, ndipo tunaanza kazi. Mwenye kitalu chake nyumbani aje na vipimo siku ya mkutano, tutahesabu pamoja, mama mzee akiwa karibu.