Uvimbe Unaokuja na Chakula

Si kila uvimbe wa shavu ni matubwitubwi, wala si kila maumivu ya taya yanatoka kwenye jino. Katika kazi yangu ya uuguzi nimewaona akina mama waliong'olewa jino zima lisilo na kasoro, kumbe tatizo lilikuwa kijiwe ndani ya mfereji wa mate.

Mama mmoja wa kikundi chetu kanisani aliacha kula pamoja nasi. Wengine walisema anaringa. Nilipomtembelea alinieleza kwamba kila anapotafuna, hasa kitu chenye ndimu au ukwaju, chini ya taya panavimba na kuuma, kisha baada ya saa moja au mbili panapoa. Jirani alikuwa amekwisha kumwambia amerogwa!

Hakuna uchawi hapo. Tukila, tezi humwaga mate. Mfereji ukiziba, mate hayana pa kupita na tezi huvimba. Vijiwe vingi, kama 8 katika kila 10, hutokea kwenye tezi ya chini ya taya, ambayo mate yake ni mazito na mfereji wake hupanda kuelekea chini ya ulimi.

Zamani kijiwe kilichokaa ndani sana kilimaanisha kupasuliwa shingoni na kuondolewa tezi nzima. Mshipa wa fahamu ukiguswa, mdomo huenda upande. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Ufaransa na Uswisi waliendeleza njia ya kupitisha kamera nyembamba, ya unene wa milimita 1 hivi, ndani ya mfereji wenyewe. Kijiwe kidogo, cha milimita 3 au 4, hunaswa kwa kikapu cha waya. Kikubwa huvunjwa kwa leza, au hutolewa kwa mkato mdogo ndani ya kinywa. Mara nyingi tezi hubaki, na hilo ndilo linalonifurahisha.

Kifaa hiki hakipo kila hospitali. Mwenzetu alisubiri miezi, akinywa maji mengi, akikanda kwa kitambaa cha moto na kusugua tezi kuelekea mbele. Kilichotolewa kilikuwa kama punje ya mchele.

Ukiona homa au usaha chini ya ulimi, usisubiri. Na uvimbe usiopungua hata usipokula, mwone daktari wa masikio, pua na koo mapema, hata kama hauumi.