Motere mbili si usalama mara mbili

BUNIA – Katika kartié Lumumba, familia moja inachanga dolari kwa ajili ya kijana wao. Tayari ana leseni ya ndege ya motere moja. Sasa anataka kwenda Nairobi kujifunza kurusha ndege ya motere mbili ndani ya mawingu, akitazama vyombo tu.

Anafikiria ndege mbili. Piper Seneca inakunywa esanse ya pekee ya ndege, ambayo pande zetu ni adimu na ghali. Diamond DA42 ya dizeli inakunywa Jet A-1, ndugu ya petroli ya taa, ambayo ndege kubwa pia zinatumia.

Mama akauliza: «Mwanangu, motere mbili si usalama mara mbili?»

«Hapana, mama. Moja ikizimika, ndege inavutwa upande, na nguvu ya kupanda inapungua zaidi ya nusu.»

Bunia iko zaidi ya mita 1.200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi. Basi swali la kwanza kwa shule si bei ya saa moja, bali hili: ikibaki motere moja, siku ya joto, ndege hii inaweza kupanda hapa kwetu?

Kanuni za kimataifa zinaomba masaa 40 ya vyombo. 20 yanaweza kufanyika chini, katika mashine ya kuigiza, kwa bei ndogo.

Barabara ikifungwa na vita, waliokimbia makwao wanangojea dawa kwa njia ya anga. Baba amekata shauri: kiwanja kitauzwa, lakini mashine kwanza, ndege baadaye.