Mtu wa Tatu

Sisi wa Matongo tulilijua neno fidia kabla ya kulijua neno bima. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu utotoni nimewasikia wazee wakibishana kuhusu wathamini: migomba mingapi imehesabiwa, nyumba ngapi, na kwa jina la nani. Swali hilo la mwisho ndilo zito. Shamba lililotupatia gari la kwanza lilikuwa likilimwa na mama, lakini karatasi zilikuwa na jina la baba.

Gari hilo ni Noah, la kubeba abiria kati ya Nyamongo na Tarime. La pili ni Canter, lililonunuliwa kwa mahindi na ng'ombe wa nyumba ya mama mkubwa. Kwetu Wakurya, nyumba ya kila mke ina ng'ombe wake. Ng'ombe wa nyumba moja wakitumika kumwolea kijana wa nyumba nyingine, hilo ni deni, hata kama baba ni mmoja. Hakuna anayehitaji kuliandika. Kila mtu analijua.

Kadi za magari, hata hivyo, zote mbili zina jina la baba. Alipokwenda kukata bima aliyaweka magari pamoja: mkataba mmoja, bima ndogo. Mama na mama mkubwa walichanga nusu kwa nusu.

Msimu wa mvua uliopita, Canter lilishindwa kupanda mlima, likarudi kinyumenyume na kuiponda Noah iliyokuwa nyuma yake. Canter aliliendesha kaka wa nyumba ya mama mkubwa. Noah aliiendesha kaka yangu wa tumbo moja. Abiria mmoja, muuza dagaa, alivunjika mkono. Trafiki walikuja, wakapima, wakaandika kwamba kosa ni la Canter.

Baba alinipigia simu Dar es Salaam, ninakosoma shahada ya uzamili ya sheria. "Mura, tuandikie barua ya madai."

Niliandika, nikaambatanisha ripoti ya polisi na makadirio ya fundi. Majibu yalikuja mawili: dai la muuza dagaa limepokelewa, dai la Noah limekataliwa.

Nilirudia kusoma mkataba usiku huo. Bima ndogo kwa jina lake kamili ni bima ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni mwenye bima, wa pili ni kampuni, wa tatu ni mtu mwingine aliyedhurika. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha kinga hiyo kwa sababu ya vifo na majeraha ya watu. Mikataba mingi huongeza mali iliyoharibiwa, lakini huiondoa mali ya mwenye bima mwenyewe. Mantiki yake ni rahisi: bima hii hulipa deni ambalo mwenye bima anadaiwa na mwingine, na mtu hawezi kujidai mwenyewe. Bima kubwa ingekuwa habari nyingine. Hiyo hutengeneza gari la mwenye bima hata kama lililoligonga ni gari lake jingine, baada ya yeye kubeba sehemu ya gharama iliyotajwa kwenye mkataba.

Nilimweleza mama kwa simu, polepole, wa kwanza mpaka wa tatu. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo mwanangu, mimi ni mtu wa ngapi?"

Sikuwa na jibu, kwa maana kwenye mkataba ule mama hayumo kabisa.

Baba aliitisha kikao. Wazee waliona wazi kwamba nyumba ya mama mkubwa inadaiwa. Mama mkubwa naye akauliza: "Nilichangia bima ili nini, kama bado nalipa ng'ombe?" Hakuna aliyemwona mkorofi. Mwishowe alitoa ng'ombe wawili, wakauzwa, na Noah ikaanza kutengenezwa kipande kwa kipande.

Nikapendekeza kadi ya Noah ihamishiwe kwa jina la mama kupitia TRA, kisha akate bima yake mwenyewe, na tusome kila mkataba kabla ya kusaini, kwa kuwa ipo inayowaondoa hata wanafamilia. Baba hakupenda. "Unataka nimfanye mke wangu mtu wa nje?"

Nilimwambia kwamba muuza dagaa alisikilizwa kwa sababu tu alikuwa mtu wa nje.

Hakunijibu siku hiyo. Wiki tatu baadaye mama alinipigia akiuliza namna ya kupata namba ya mlipakodi, na kama jina lake kwenye kadi ya gari litaandikwa lile la ubatizo au lile la nyumbani.